Visu Alivyovidai Mtani

Nilipostaafu mliniaga kwa soda, maandazi na saa ya ukutani, nami nawashukuru. Saa inatembea vizuri, ingawa sijui mtu aliyeamshwa na honi ya shamba maisha yake yote anahitaji tena kuambiwa wakati na nani. Siku ile mliniomba niseme mawili matatu, nikasimama, nikashukuru, nikaketi. Baadaye mkasema nimewanyima. Basi haya hapa, nimeyaandika polepole nyumbani Kidete, mke wangu akininung'unikia kwamba magugu hayang'olewi kwa kalamu.

Habari za vyeo nitaziruka, na mshahara wangu mnaujua kwa kuwa haukutofautiana sana na wenu. Nitaandika habari za korona yetu ya mkonge, za wazee wawili walionilea kazini, na za siku ambayo kambi zetu mbili nusura zichinjane. Nina sababu. Wiki za mwisho kabla sijaondoka, mlipokuwa mnagombania uongozi wa tawi, nilimsikia mmoja wenu akisema karakanani kwamba fulani dawa yake ni panga. Wengine mlicheka. Mimi sikucheka, na sikusema kitu kwa sababu jambo hilo haliwezi kuelezwa mtu akiwa na spana mkononi na honi inakaribia kulia.

Nilianza kazi wakati wa Mwingereza, vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha na mkonge ukitakiwa kila mahali. Kwa ajili ya wajukuu watakaosoma, korona ndiyo mashine inayoparua majani ya mkonge. Majani yanalazwa mezani, mnyororo unayabana na kuyavuta hadi kwenye ngoma kubwa ya chuma yenye meno, maji yanamwagika juu yake, nyama ya jani inakwanguliwa, na upande wa pili zinatoka singa, nyuzi nyeupe za mkonge. Kelele yake huwezi kuizoea, unaacha tu kuisikia. Harufu ni ya kitu kilichochacha. Utomvu unawasha, na usiku wangu wa kwanza kambini nilijikuna hadi wenzangu chumbani wakaniuliza kama nimeleta viroboto kutoka kwetu.

Siku hiyo ya kwanza nilivaa shati jipya la mikono mirefu ambalo mama yangu alinishonea kwa ajili ya kazi. Fundi wa korona alikuwa Fundi Salehe, Msagara mwenzangu wa huko huko Kidete, mtu mwembamba mwenye kikohozi na macho mekundu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachukua kisu, akaikata mikono ya shati langu yote miwili pale begani. Vitambaa akavitumia kufutia grisi.

“Mashine haijui kama shati ni jipya,” alisema.

Nilimchukia kwa muda wa mwezi mzima hivi. Kisha nikaonyeshwa mtu mmoja wa kambini ambaye mkono wake uliishia kwenye kiwiko, nikaacha kumchukia. Fundi Salehe alinifundisha kuitazama ngoma kila asubuhi, kuizungusha kwa mikono kabla mkanda haujawekwa, na kusikiliza beringi kwa bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, na beringi inakueleza yenyewe kama inaumwa. Alikuwa akisimama hivyo, kichwa kikiwa upande, jicho moja amelifumba, akikohoa kidogo. Vijana wa mezani walikuwa wakimwigiza akiwa hayupo, na naamini alijua.

Kitu kingine alichokisimamia ni mikono juu. Kabla ya kuwasha, kila mtu wa mezani ilikuwa lazima ainue mikono yake yote miwili, mitupu, mpaka fundi aione. Mtu asipoinua, mashine haiwaki, hata meneja asimame pale ameshika saa. Siku moja meneja alisimama kweli ameshika saa, na Fundi Salehe akamwomba kwa adabu kabisa naye ainue mikono, kwa kuwa alikuwa karibu na meza. Akainua. Habari hiyo ilitembea shamba zima kabla ya chakula cha mchana.

Mzee wa pili alikuwa Maganga, Mnyamwezi, mnyapara wa watu wa mkataba. Hao walikuwa wakiletwa kutoka mbali kwa gari moshi hadi Kilosa, wakifanya kazi kwa muda walioutilia dole gumba, kisha wakirudishwa kwao. Maganga alikuja hivyo hivyo, akaongeza mkataba mara nyingi, mwisho akapewa watu wa kuwaongoza. Alikuwa mkubwa wa mwili, sauti yake nzito, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupita koronani kumtukana Fundi Salehe.

Nilishtuka sana mwanzoni. Alimwita mwizi wa grisi na mfupi wa babu na bibi, akamwambia kikohozi chake kinaharibu mashine. Fundi Salehe naye, bila kuacha kazi, alimjibu kwamba mbeba mizigo hana ruhusa ya kusema mbele ya chuma. Ndipo nikaelewa kwamba ni watani. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, watu wao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Babu zetu waligombea nao maji na chakula, kisha wakapatana, na mapatano hayo ndiyo yaliyotuachia utani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako humdai. Na ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi lako, anayefanya mizaha msibani wakati wengine wanalia, na anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe anachodai. Mtani halii. Akilia amevunja kazi.

Mimi pia, kwa kuwa Msagara, nilikuwa mtani wa Maganga, lakini mdogo. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu ndipo tukaanza kutukanana, kwa sababu utaratibu ni utaratibu.

Mwaka mmoja mvua ilikata reli, na beringi mpya tuliyoisubiri ikaletwa kwa lori kupitia Morogoro. Lori likavunjika ekseli Mikumi. Tulitumwa kuifuata: dereva, Fundi Salehe, mimi, na Maganga pamoja na vijana wake wa kusukuma, maana njia ilikuwa tope tupu. Mikumi wakati ule ilikuwa nyumba chache, duka moja na pori. Kabla hatujafika tukakuta tembo wamesimama barabarani, wametulia kabisa, na dereva akazima injini.

Maganga akamwambia Fundi Salehe ashuke akaombe njia, kwani tembo wanawajua Wasagara, ambao walikuwa wakijificha nyuma ya tembo misafara ikipita. Fundi Salehe akajibu kwamba hao si tembo, ni pembe ambazo babu zake Maganga walizitupa kwa uvivu zikaota miili. Waliendelea hivyo mpaka tembo wenyewe wakaona hakuna la maana, wakaondoka. Jioni baridi ilishuka na kikohozi cha fundi kikawa kibaya. Nilimwona Maganga akivua blanketi lake na kumfunika bila neno. Asubuhi akamlalamikia dereva kwa sauti kubwa kwamba Msagara amemwibia blanketi.

“Kikohozi hicho kitakuua,” alimwambia wakati tunapakia beringi, “na nitakuzika mimi. Nitalala mle kaburini nidai ng'ombe.”

“Dai,” alisema Fundi Salehe. “Mradi uje.”

Kisha siasa ikafika shambani. Sisemi kwa ubaya. Nilikuwa na kadi ya chama, nilikuwa nayo mapema, nikaificha ndani ya kopo la grisi kwa kuwa meneja hakutaka kuiona. Tulitaka kujitawala na tulikuwa na haki. Lakini kambi zetu zilikuwa mbili, na kijito kilipita katikati. Kambi ya juu tulikaa wenyeji na watu wa kudumu, wenye wake na watoto. Kambi ya chini walikaa watu wa mkataba. Kadi zilienea juu, chini hazikuenea sana, na taratibu watu wakaanza kusema “sisi” na “wale.”

Baadaye kazi ya siku ikaongezwa, posho ikabaki ile ile. Tukagoma. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mgomo na sijutii. Kambi ya chini hawakugoma. Nilimfuata Maganga kumuuliza, akanijibu bila utani hata kidogo, jambo ambalo peke yake lilinitia hofu.

“Wewe ukigoma unarudi Kidete kwa miguu, unakula kwa mama yako. Hawa wakiacha kazi kabla ya mkataba kwisha wanashtakiwa. Wakitoka kifungoni, nani atawarudisha kwao? Nimewatoa kwa wazazi wao mimi.”

Niliyapeleka maneno hayo kwenye kamati. Hakuna aliyetaka kuyasikia. Wakaitwa vibaraka, nao wakatuita wavivu wa kadi. Wanawake waliokuwa wakichota maji pamoja wakaanza kuchota kwa zamu, kila kambi na saa yake. Watu waliokula pamoja msibani na harusini wakapishana njiani kama hawajuani, hata salamu ikawa inatolewa kwa kuchagua. Mtoto kuacha kumwamkia mzee kwa sababu mzee anatoka ng'ambo ya kijito, hilo sikuwahi kuliona kabla, na liliniuma kuliko kelele zote za mikutano.

Kijana aliyesikilizwa zaidi upande wetu aliitwa Damasi, mkata mkonge, hodari, mwenye maneno. Sikumpenda wala sikumchukia. Siku moja mdogo wake alishuka kijitoni kuoga, akakutana na watu wa kambi ya chini, maneno yakawa mengi, akapigwa rungu kichwani. Alipona, lakini kwa siku kadhaa hakumtambua hata kaka yake. Kuanzia hapo Damasi hakuwa tena mtu wa maneno. Watu wetu wakachoma banda la kuni la kambi ya chini. Damasi na wenzake wakaweka gogo katikati ya daraja, wakasimama na visu vya kukatia mkonge, vile virefu mnavyovijua, wakatangaza kwamba wa chini akikanyaga daraja anakatwa. Na Jumamosi, walisema, wangeshuka wao.

Nilisimama kwenye kamati nikasema kwamba viongozi wetu wa Kilosa walituagiza tugome bila kumgusa mtu, na kwamba polisi wanangoja damu moja tu ili waje na bunduki. Nikaambiwa nikae. Mmoja akauliza kama mimi ni mtani wa vibaraka. Nikamwambia ndiyo, tangu kabla babu yake hajazaliwa, lakini hakuna aliyecheka.

Alhamisi asubuhi Fundi Salehe akafariki. Ni kile kikohozi, hakuna aliyemgusa. Nilikuwepo. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kuniuliza kama ngoma imefunikwa, maana mashine iliyosimama inashika kutu.

Alikuwa Mwislamu, ilikuwa azikwe siku hiyo hiyo. Makaburi ya shamba yalikuwa ng'ambo ya kijito, nyuma ya kambi ya chini. Damasi alikuja msibani kwa heshima, akavua kofia, akatoa pole, kisha akasema tumchimbie nyuma ya nyumba zetu, upande huu, haraka, tumalize. Wengi wakakubali. Walikuwa wamechoka na walikuwa wanaogopa.

Mjane, Bi Mwanaidi, alitoka chumbani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

“Mume wangu hafukiwi nyuma ya jiko kama paka,” alisema. “Aliahidiwa kuzikwa na Maganga. Mwiteni Maganga.”

“Mama, yule ni kibaraka,” alisema Damasi.

“Ni kibaraka wako. Kwetu sisi ni mtani.”

Akarudi ndani. Wazee wakanitazama mimi. Mwalimu wa madrasa akasema kwamba maiti hangoji siasa, na kwamba mtu aende sasa hivi.

Nilishuka darajani. Nilikuwa na hofu na sioni sababu ya kuificha. Niliinua mikono yangu yote miwili, mitupu, kama tulivyoinua koronani. Wengi waliosimama pale walikuwa wameifanya ishara hiyo mbele yangu kila asubuhi kwa miaka. Wakaniachia. Damasi, aliyekuwa amenitangulia kurudi kwenye zamu yake, akasema kwamba nikirudi na Maganga atanihesabu upande wao. Nikamwambia anihesabu anavyotaka.

Kambi ya chini walinipokea na marungu na visu mikononi, wakidhani ndiyo tumeshuka. Maganga akawatuliza. Nilimwamkia, akaitika, nikampa habari. Alikaa chini juu ya kisiki. Akitazama viatu vyake, akauliza amekufa lini.

“Asubuhi.”

“Hata kuniaga hakuniaga,” alisema. “Msagara hana adabu mpaka mwisho.”

Akainuka na kuwatuma vijana wake makaburini wakachimbe. Yeye mwenyewe, alisema, atakwenda kumchukua marehemu nyumbani kwake, kama inavyotakiwa. Vijana wakamsihi asiende. Mmoja alimshika mkono kabisa. Akawaambia kwamba kama atakatwa, basi watachimba makaburi mawili kwa kazi moja. Akavaa gunia la singa mabegani, akafunga kitambaa kilichojaa grisi kichwani, akaokota kijiti kirefu, akaacha jembe na kisu. Nilitembea nyuma yake.

Alipofika darajani hakusimama. Alianza kukohoa, kikohozi kile kile cha Fundi Salehe. Akafika kwenye gogo, akaweka ncha ya kijiti juu yake na upande wa pili sikioni. Kichwa upande. Jicho moja amelifumba. Akasikiliza.

“Beringi hii imekufa,” alisema kwa sauti ya marehemu. “Nani aliyeiweka hapa bila grisi?”

Kijana mmoja akacheka. Ilimtoka tu, akafunika mdomo. Mwingine akacheka kwa sababu yule wa kwanza alijaribu kuzuia. Damasi hakucheka. Alikuwa amesimama upande wa pili wa gogo, kisu kimeinuka usawa wa bega. Maganga akavuka gogo mguu mmoja, halafu wa pili. Akanyoosha kijiti polepole, akaweka ncha yake kifuani mwa Damasi, akainama, akasikiliza.

“Hii bado nzima,” alisema. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, “Nipishe, mwanangu. Nina msiba.”

Damasi akasogea. Hakusogea sana, ni nafasi tu ya mtu mmoja kupita.

Maganga aliingia msibani akimtukana marehemu toka mlangoni, akadai blanketi lake la Mikumi, akamuuliza Bi Mwanaidi kama mwizi huyu ameacha deni lingine. Bi Mwanaidi, aliyekuwa hajafungua mdomo kwa kilio tangu asubuhi, akacheka na kulia kwa pamoja. Akina mama wakamfuata. Jeneza likatoka. Gogo liliondolewa darajani na vijana wale wale walioliweka, maana jeneza halipiti juu ya gogo. Wanaume wote wa kambi ya juu wakalifuata, lakini na visu vyao viunoni, kwani walikuwa wanaingia ng'ambo. Makaburini tukawakuta wa kambi ya chini wamemaliza kuchimba, nao wana visu vyao. Tulisimama pande mbili za kaburi. Ilitosha mtu mmoja kujikwaa.

Maganga akateremka kaburini, akalala chali, akafumba macho. Mwalimu wa madrasa, ambaye aliujua utaratibu, akamuuliza anataka nini ili atoke.

“Visu,” alisema Maganga kutoka chini.

Mwalimu akadhani hakusikia vizuri. Maganga akarudia. Alitaka visu vyote, vya juu na vya chini, viwekwe pale kwenye udongo, navyo ni vyake. Mtani akidai hanyimwi, na huwezi kumtupia mtu maiti juu yake. Jua lilikuwa limeanza kuinama na Bi Mwanaidi alikuwa anangoja nyumbani.

“Waanze watu wangu,” alisema. “Niliwatoa kwa mama zao bila visu.”

Walitazamana. Kisha mmoja akatupa chake, na mwingine, mpaka ukawa mlio wa chuma juu ya chuma. Upande wetu nilikuwa wa kwanza, nikaweka kisu changu kidogo cha kukatia mkanda, ambacho hakikumtisha mtu yeyote. Wengine wakafuata mpaka akabaki Damasi.

“Mmempasua mdogo wangu kichwa,” alisema.

“Aliyempasua yupo hapo juu,” Maganga alijibu, bado amefumba macho. “Kisu chake kimeshalala. Aseme mwenyewe.”

Kijana mmoja wa kambi ya chini, mdogo kuliko nilivyotarajia, akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi mikono mitupu. “Ni mimi, kaka,” alisema. “Niliogopa. Walisema mnakuja kutuua.” Damasi alimtazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akakiweka kisu chake juu ya vingine. Alikiweka taratibu kabisa, makali yakitazama ndani.

Maganga akaomba mkono wa kumvuta. Nilikuwa karibu, nikainama. Hapo ndipo nilipouona uso wake. Ulikuwa umelowa machozi hadi masikioni, udongo umegeuka tope mashavuni. Muda wote ule alipokuwa akitoa amri na kebehi kutoka chini, alikuwa analia.

“Ukisema,” alininong'oneza, “nakuzika wewe ukiwa hai.”

Nikampangusa kwa kitambaa chake mwenyewe cha grisi, akatoka akiwa mweusi kama aliyetoka karakanani, na watu wakacheka wakidhani ni mzaha mwingine. Tukamzika Fundi Salehe pamoja. Nimekaa na siri hiyo hadi leo.

Visu vikatiwa kwenye magunia na kupelekwa kwa Bi Mwanaidi. Maganga alidai nyumba yake yeye haina kitasa cha kuaminika. Matanga yalikaliwa na kambi zote mbili kwenye mikeka ile ile, na Jumamosi ikapita watu wakiwa wanapeana chumvi. Pale pale mkekani ndipo tulipopanga kwamba madai yetu yaongezewe neno moja: mtu wa mkataba atakayegoma nasi asishtakiwe. Niliingia kwa meneja pamoja na Maganga. Kazi ya siku ikapunguzwa, posho haikuongezwa. Hatukupata yote, lakini hakushtakiwa mtu na hakuzikwa mtu.

Asubuhi ya kurudi kazini Bi Mwanaidi alikaa mlangoni akavigawa visu mwenyewe. Kila mkata mkonge alikijua chake kwa mpini. Vyote vilikuwa vimenolewa. Maganga alipoulizwa akasema mali yake huwa haiazimishi ikiwa butu.

Uhuru ulikuja, wengi wa kambi ya chini wakarudi kwao, wengine wakabaki. Maganga alipata shamba Chanzuru, akaoa, akazaa, akaendelea kupita koronani kunitukana mimi sasa, kwa kuwa ndiye niliyeachiwa bisibisi. Mwaka juzi alifariki, na watoto wake wakaja kuniita. Mnakumbuka niliomba ruhusa na hamkuniuliza ya nini.

Nilikwenda nikafanya kazi yangu. Niliigiza sauti yake, nikamwita mbeba mizigo, nikadai mshahara wa grisi yote aliyoichafua. Watu walicheka vizuri. Nikateremka kaburini, nikalala. Kuna baridi mle, na mbingu inaonekana ndogo. Watoto wake wakaniuliza kutoka juu nataka nini ili nitoke. Nilikuwa nimepanga kudai jogoo, nao walijua, maana nilimsikia akiwika karibu. Sauti haikutoka.

Mtu akainama ukingoni kuninyooshea mkono. Alikuwa Damasi, mzee sasa, mvi tupu. Akaniona uso. Akaurudisha mkono wake taratibu, akasimama, akawageukia watu.

“Mngojeeni kidogo,” aliwaambia. “Bado anadai.”